Nyumba Iliyoandikwa Tupu

Kwenye mkoba wangu wa kazi nilibeba penseli ya seremala, ile nene inayochongwa kwa kisu. Wenzangu wa makao makuu walikuwa na kamera, baadaye simu za bei, na mimi nikapewa yangu, lakini penseli sikuiacha. Ukifika kwenye nyumba iliyopigwa na upepo au maji, tafuta ufa ukutani, weka kistari pale unapoishia, andika tarehe pembeni. Rudi baada ya siku tatu. Ukikuta ufa umekivuka kistari chako, ujue nyumba haijamaliza kuanguka, na kila siku unayolaza faili mezani unambomolea mtu ukuta wake.

Nyie mnaniita Bibi Sesilia. Wazazi wenu hapa Mpanda waliniita Mama Bima. Nilianza kama wakala wa kuzunguka mitaani na kitabu cha risiti, nikamaliza kama mkaguzi wa hasara, yaani yule anayekwenda kutazama kilichoharibika na kuandika ripoti ambayo kampuni inaisoma kabla ya kulipa au kukataa. Nimestaafu kwa sababu magoti yamekataa ngazi. Sasa nakaa nawaona mnakopa benki mjenge, mnapiga picha na funguo, mnaweka kwenye simu watu wawapongeze, na kati yenu sijamwona hata mmoja aliyesoma ukurasa wa tatu wa hati yake ya bima. Msinune. Nayasema haya kwa sababu mimi mwenyewe, niliyelipwa mshahara ili niusome ukurasa huo, niliwahi kufanya kazi kama haupo, na familia moja nusura ikose pa kulala.

Familia hiyo ilikuwa ya Shija na mke wake Kabula. Baba yake Shija alihamia Katavi na ng'ombe akitokea Usukumani, na Shija mwenyewe alikulia machungani kabla hajaanza biashara ya mpunga wa Kakese. Akanunua kiwanja Makanyagio, hapa mjini, akajenga vyumba vinne vya matofali ya kuchoma, bati za rangi, na uani akaweka vyumba viwili vidogo na jiko. Fedha zilipokata katikati ya ujenzi alikwenda benki. Benki ikampa mkopo, ikachukua hati ya kiwanja ikaiweka kabatini kwake. Hiyo ndiyo rehani. Unalala ndani, unapaka rangi unayotaka, unafukuza kuku wa jirani, lakini karatasi inayosema nyumba ni yako inalala benki mpaka umalize deni.

Na benki haikubali kushika kitu kinachoweza kupeperuka. Ndiyo maana siku ile ile ya kusaini, pale pale kaunta, wanakukatia bima ya nyumba. Shija alisaini kama mnavyosaini nyie, huku anaangalia saa. Hakuuliza kiasi cha bima kimeandikwa ngapi. Hakuuliza nani amewekwa kuwa mnufaika wa kwanza. Hakumwandikisha mke wake. Alitoka nje akiamini kwamba kuanzia siku hiyo lolote likimpata, kampuni itamjengea.

Sasa sikilizeni desturi ya watu wetu, maana kisa chote kimekaa hapo. Mvua za kwanza zikinyesha, mji wa Mpanda unapungua watu. Mwenye shamba Kabungu anahamia Kabungu, mwenye shamba Magamba anakwenda na sufuria zake. Watu wanalima, wanapanda, wanapalilia, na nyumba ya mjini inafungwa kufuli. Kwetu hiyo si kuitelekeza nyumba, ni msimu tu. Lakini aliyeandika hati ya bima hajawahi kupalilia mahindi. Kwenye ukurasa wa masharti ameandika kwamba jengo likikaa bila mtu zaidi ya siku thelathini mfululizo, na kampuni haijaarifiwa, kinga ya upepo, maji na wizi inasitishwa. Hasara ikitokea ndani ya siku hizo, hulipwi hata msumari.

Upepo ulikuja Januari, alasiri. Wengine mnaukumbuka. Kwa Shija uliondoka na bati zote za upande wa mashariki pamoja na mbao zake, ukazitupa hadi barabarani. Nilifika kesho yake asubuhi. Siku hiyo nilikuwa na nyumba tano za kukagua na mwendesha bodaboda ananisubiri kwa kununa. Shija alikuwa amefika punde kutoka Kabungu, peke yake, matope hadi kwenye magoti. Mke na watoto aliwaacha kwenye palizi.

Nilipanda ngazi, nikatazama kuta kwa juu, nikapata hofu. Kwa nje zilipigwa lipu ya saruji, nyumba inang'aa, lakini kati ya tofali na tofali fundi alikuwa ametumia udongo. Wengi wenu nyumba zenu ziko hivyo na hamjui. Ukuta wa namna hiyo una nguvu ukiwa na paa. Ukinyeshewa kwa juu, udongo unalainika, na lipu inabaki imeshika kitu kisichoshikika. Kwenye chumba cha watoto kulikuwa na ufa kutoka kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, kushuka chini. Niliweka kistari changu. Mvua nyingine ilikuwa inajikusanya upande wa magharibi.

Niliposhuka, koo limekauka, bibi mmoja aliyekuwa uani akinyofoa majani ya maboga aliniletea maji kwenye kikombe cha bati. Nikamwamkia, nikanywa, nikamrudishia kikombe. Kichwani nikamweka kuwa ni jirani aliyekuja kutoa pole. Kisha nikakaa na Shija juu ya mbao zilizoanguka, tukajaza fomu.

"Siku ya upepo mlikuwa wapi?"

"Shamba, mama. Kabungu."

"Tangu lini?"

Alihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Ni kama siku arobaini na moja hivi."

"Na humu alikuwa anaishi nani?"

Hapo Shija aliangalia chini. Akaokota msumari, akauzungusha kwenye vidole. "Humu hakuna mtu, mama. Sisi wote tulikuwa shamba."

Niliandika: nyumba tupu, siku arobaini na moja. Nilijua maneno hayo yatafanya nini yakifika makao makuu. Nikamsomea haraka, akasaini. Nilimwonea huruma, nikajipongeza kwamba huruma haikunizuia kuandika ukweli. Kumbe nilikuwa sijaandika ukweli wowote.

Mzee Zakaria, aliyenifundisha kazi hii, angenichapa kwa rula. Alikuwa mtu mfupi, mkali, anavaa tai hata akienda kukagua choo. Mwaka wangu wa kwanza niliandika kwamba jiko la mtu fulani Magamba limeungua lote na vyombo vyake. Akaniuliza, "Mlango wa jiko ulifunguliwa na nani?" Nikasema sikuufungua, ulikuwa na moshi. Akanipa baiskeli nirudi Magamba nikafungue mlango. Ndani nikakuta sufuria nane nzima, zimepata masizi tu. Nilirudi jioni nimechoka, yeye amekaa ananisubiri, na hakusema kitu zaidi ya "Sasa andika." Alishafariki wakati wa kisa cha Shija. Nilishukuru kwamba hakuniona.

Jibu la kampuni lilikuja baada ya wiki moja. Dai limekataliwa, sharti la nyumba isiyokaliwa limevunjwa. Kabla hata sijalipeleka, benki nayo ilikuwa imempa Shija barua yake: dhamana imeharibika, anapewa siku ishirini na moja airudishe katika hali yake, asipofanya hivyo deni lote linadaiwa kwa mkupuo na nyumba itapigwa mnada. Someni na hilo kwenye mikataba yenu. Wengi wanadhani wakilipa rejesho kila mwezi benki haina neno. Neno inalo. Umeahidi kutunza kile ilichokishika.

Nilikwenda Makanyagio na barua yangu mkononi. Kabula alikuwa amesharudi kutoka shamba, wamefunika turubai juu ya sebule, watoto wanne wamejibanza kwenye godoro moja. Kwanza nilipita chumba cha watoto. Ufa ulikuwa umekivuka kistari changu kwa urefu wa kiganja.

Shija aliichukua barua akaiangalia tu. Kabula akamnyang'anya, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno. Alipofika kwenye "nyumba tupu" akasimama kusoma.

"Tupu vipi? Na mama yangu je?"

Shija aliinuka, akatoka nje, akasimama nyuma ya tanki la maji.

"Mama yako yupi?" nikauliza.

"Huyo hapo jikoni. Alikuja tulipokwenda shamba, amekaa siku zote hizo. Bati zilipoondoka ndiye aliyeburuta vitanda akavitoa kwenye maji. Shija hajakwambia?"

Niligeuka kuangalia uani. Alikuwa ni yule yule aliyenipa kikombe cha maji. Nilikuwa nimekunywa maji kwenye mkono wa mtu, kisha nikaketi hatua kumi kutoka kwake nikaandika kwamba hayupo.

Nyie mliooa juzi na kuwaita mama wakwe zenu "mambo vipi mama" hamwezi kuelewa kirahisi. Kwa watu wa ukoo wa Shija, mkwe ni heshima nzito. Huli naye, humwangalii usoni, na jina lake hulitaji. Halafu kumwambia mtu wa ofisi, tena aandike kwenye karatasi, kwamba mama aliyekuzalia mke umemwacha mjini akulindie bati kama askari wa getini, hilo ni tusi. Nilipomuuliza nani alikuwa anaishi humu, neno langu lilimwachia Shija njia ya kupita pembeni, akaipita. Na kwa namna anavyoelewa yeye, hakusema uongo. Wanaoishi ni wenye nyumba. Mkwe ni mgeni wa heshima, haishi, yupo.

Nilirudi ofisini nikafunga mlango. Karani wetu, mtu mwema wa kupenda njia za mkato, akaniambia: "Mama, nakala ya fomu bado iko kwenye droo yako. Badilisha ukurasa mmoja, useme ile iliyotumwa ilikosewa kunakiliwa. Nani atajua?" Nisiwadanganye, nilifungua droo. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu, na barua ya kukiri kosa ingelala kwenye faili langu mpaka siku ya kuagwa. Nikaifunga droo. Kisha nikaandika kwa mkono wangu kwamba ripoti ya kwanza ina kasoro, kwamba nilimwona mkaaji wa nyumba na sikumuuliza lolote, na kwamba naomba dai lifunguliwe upya. Nikaituma kabla sijabadili mawazo.

Hapo siku za benki zilikuwa zimeshafika ya tisa, na kila alasiri inanyesha.

Makao makuu walimtuma mkaguzi wao, kijana anaitwa Novatus, shati limenyooka, viatu ambavyo Mpanda ya Januari ilivimaliza kwa siku moja. Sikumpenda, lakini nakiri alijua kazi. Alifika siku ya kumi na tatu. Nilimpa barua ya mwenyekiti wa mtaa na maelezo ya majirani wawili kwamba bibi alikuwepo. Alizisoma, akazikunja.

"Shikamoo tena, mama. Nisikuvunjie heshima," akasema. "Ripoti yako ya kwanza inasema hakuna mtu. Dai likakataliwa. Ripoti ya pili inasema kuna bibi. Huyu bibi ameota kama uyoga?"

"Majirani wamemwona."

"Majirani wanahurumiana. Aliyesaini kwamba hakuna mtu ni mwenye bima. Aifute kauli yake mwenyewe, kwa mdomo wake, ataje jina la mtu aliyekuwepo na ni nani kwake. Bila hivyo naandika kwamba mmepanga."

Kabula akasema atataja yeye. Novatus akatazama hati akatikisa kichwa. Jina la Kabula halimo. Wanawake mnaonisikia, kama mnachanga kulipa huo mkopo, ingieni kwenye hati. Siku ya shida mdomo usio kwenye karatasi haufungui kitu.

Tukasimama uani, watu wazima wanne, watatu tunamwangalia Shija. Mkwe wake alikuwa jikoni, ametupa mgongo, mwiko unagonga sufuria. Mtu akitamka kitu pale uani, jikoni kinasikika chote. Shija alifungua mdomo akaufunga. Novatus akaangalia saa, akaanza kuingiza karatasi kwenye begi, na kwenye chumba cha watoto tukasikia kipande cha lipu kikianguka sakafuni. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka, matone makubwa ya kuhesabika. Nilitaka nimshike Shija mabega nimtikise. Nilitaka pia kumwambia aache, tutatafuta namna nyingine, na namna nyingine haikuwepo.

Shija aligeuka akaelekea ukuta, kama mtu anayesemezana na tofali.

"Milembe," akasema. "Ni Milembe, mama aliyemzaa mke wangu. Nilimwacha hapa sisi tukaenda shamba, akakaa siku zote. Nilisema hakuna mtu kwa sababu mkwe hatajwi. Sikutaka aitwe mlinzi wangu."

Mwiko jikoni ukanyamaza. Kabula alijifunika uso kwa khanga.

Novatus aliandika polepole, na nadhani hata yeye alielewa amemvua mtu nguo. Lakini kazi ni kazi. "Alilala chumba gani?"

"Cha uani. Mkwe halali kwenye nyumba ninayolala na binti yake."

Kalamu ikasimama. "Basi nyumba ilikuwa tupu," Novatus akasema. "Alikaa uani. Kilichokatiwa bima ni nyumba."

Baada ya yote yale. Shija hakugeuka hata kidogo, na Kabula akaniangalia mimi kama vile mimi ndiye niliyeyasema. Nilimwambia Novatus afungue ukurasa wa tatu. Huo unaitwa maana ya maneno, na kila mtu anauruka kwa sababu unaonekana kama kamusi. Usiuruke. Bima haitumii maneno kama sisi tunavyoyatumia sokoni. Neno lina maana ile tu iliyoandikwa pale. Akafungua huku karatasi zinalowa, nikamwekea kidole: *Jengo maana yake ni nyumba iliyotajwa pamoja na vyumba vya uani, jiko, choo na uzio vilivyomo ndani ya kiwanja hicho.* Na sharti la kutokuwa na mtu halisemi nyumba kubwa. Linasema jengo.

Aliisoma mara mbili. Akamuuliza Kabula kama mama yake alikuwa anaingia nyumba kubwa, Kabula akasema kila asubuhi, anafagia na kufungua madirisha. Novatus akaenda mwenyewe kwenye chumba cha uani, akachungulia, akaona kitanda cha kamba, kibuyu, nguo zimetundikwa, magunzi ya msimu mzima chini ya kitanda. Alirudi amelowa chapachapa. Hakutuahidi kitu.

Siku ya kumi na sita ukuta wa chumba cha watoto ulianguka. Hakuna aliyekuwa ndani, watoto walikuwa wamehamishiwa uani kwa bibi yao. Kabula alinipigia simu, akawa analia tu hasemi. Siku ya kumi na nane majibu yakatoka: dai limekubaliwa.

Sasa ngojeni kabla hamjapiga makofi, maana hapa ndipo watu wanapogombana na mawakala. Shija alidhani atalipwa gharama yote, tena mkononi. Nilikaa naye nikamweleza polepole, kama alivyopaswa kuelezwa siku anasaini. Kwanza kuna makato ya kwanza, ile sehemu ya hasara ambayo wewe mwenye nyumba unaibeba kabla kampuni haijagusa mfuko wake. Iko kwenye kila hati, tafuta yako ni kiasi gani. Pili, kiasi chake cha bima kiliandikwa sawa na mkopo, na mkopo ulikuwa nusu tu ya gharama ya kuijenga ile nyumba upya. Ukikata bima ya nusu, unalipwa nusu, hata kama kilichoharibika ni paa peke yake. Wanaita uwiano. Watu wengi wanadhani watalipwa hasara yote mpaka kiasi cha bima kiishe, ndipo wapunjwe. Hapana, unapunjwa kuanzia bati la kwanza. Kwa hiyo usiandike deni lako pale, na usiandike bei ya kiwanja, maana ardhi haipeperuki. Mwite fundi, muulize kuisimamisha nyumba hii kuanzia msingi ni shilingi ngapi leo, andika hiyo. Bei ya saruji ikipanda, rudi ukarekebishe.

"Na hiyo nusu nitaipokea lini?" akauliza.

"Huipokei wewe. Mnufaika wa kwanza ni benki. Watamlipa fundi kidogo kidogo akionyesha kazi."

"Na godoro? Na mpunga wangu uliolowa?"

"Vitu vya ndani havimo. Bima ya benki inakinga jengo. Vitu vya ndani unakata yako."

Alicheka, kicheko kile cha mtu aliyechoka kulia. "Mama, sasa hii bima ni ya nani?"

Swali zuri. Ningetaka kila mmoja wenu aliulize kaunta, kabla ya kushika kalamu. Na ulizeni pia kama mmekatiwa bima ya mkopo au ya nyumba, maana ni mbili tofauti. Ya mkopo inamaliza deni ukifa. Ya nyumba inatengeneza nyumba, wewe hai. Nimeshakaa na mjane aliyenionyesha hati ya nyumba akiamini imefuta deni la marehemu, na sikuwa na la kumwambia zaidi ya pole.

Lakini hiyo nusu ilitosha kumshawishi meneja wa benki. Alipoona kampuni inalipa na fundi yuko kazini, aliongeza muda, mnada ukafutwa. Shija akauza ng'ombe wanne kufidia kilichobaki. Safari hii kuta zikajengwa kwa saruji ndani na nje. Nilisimamia mwenyewe, nachokonoa viungo kwa msumari mpaka fundi akanichukia. Mimi nilipewa barua ya onyo. Siku ya kuagwa kwangu ilikuwa bado imo kwenye faili, na keki nilikula vizuri tu.

Kulikuwa na deni jingine ambalo halimo kwenye hati yoyote. Shija alikuwa ametaja jina la mkwe wake mbele ya watu. Wazee wa upande wa mke walikaa, hawakumwonea, wakasema kosa ni kosa hata kama limeokoa nyumba: atoe mbuzi kufuta aibu. Kabula alinidokezea kwenye simu, na tangu niliposikia sikutulia. Shija asingelazimika kutamka jina lile kama mimi ningefanya kazi yangu siku ya kwanza. Nilikwenda mnada wa mifugo nikachagua mbuzi jike mweupe, nikampakata kwenye bodaboda hadi Makanyagio, watu njiani wananicheka Mama Bima amepewa mahari. Shija alikataa katakata. Nikamwambia, "Baba, hasara hii nimeisababisha mimi, acha niifidie," akanipisha njia.

Nilimpeleka mbuzi jikoni mwenyewe, nikampigia magoti Bi Milembe, na magoti yangu mnayajua. Hakujua Kiswahili sana. Alimshika mbuzi masikio, akamtazama meno, akanitazama na mimi kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akasema kitu kwa Kisukuma, na Kabula akanitafsiria.

"Mama anasema amekusamehe. Anasema siku nyingine ukifika kwa watu, usiulize nani anaishi hapa. Uliza nani anapika."

Bi Milembe alimfunga mbuzi kwenye nguzo, akarudi kwenye sufuria yake.